Breki za Karavani ya Shangazi Zeyana, Nizwa mpaka Sur

Ile video mliyoiona kwenye simu zenu ni ya kweli. Yule bibi anayemimina chai dirishani mwa karavani ni Shangazi Zeyana, na ile miguu miwili inayotokeza chini ya karavani ni ya Seif, mume wangu. Mie simo kwa sababu nilikuwa nyuma ya gari nacheka mpaka mbavu zinaniuma. Lakini video hiyo ni kipande kidogo tu cha mambo. Tangu turudi, kila ninayekutana naye, sokoni, arusini, hata kwa daktari wa meno nikiwa nimepanua kinywa, ananiuliza ilikuwaje. Nimechoka kusimulia vipandevipande. Naandika mara moja hapa, someni nyote.

Kwanza mjue tulikuwa tunakwenda kufanya nini. Shangazi alikuwa anakwenda kuolewa.

Ndiyo, kuolewa. Ana miaka sabini na kitu, na hicho kitu haambiwi mtu. Ndiye aliyenilea, na tangu mumewe alipofariki amekuwa akikaa kwetu Nizwa. Majuzi alikwenda Maskati kutolewa mtoto wa jicho, na kwenye viti vya kungojea akakaa karibu na Bwana Mbarak, mgane wa Sur, ambaye naye kaja kwa maradhi hayohayo. Mama yake Bwana Mbarak alizaliwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili anacho, ingawa kimechakaa. Wakazungumza wawili hao, miwani myeusi machoni, mpaka wauguzi wakawa wanaita majina na hakuna anayeitika. Baada ya hapo ikawa simu kila asubuhi. Kwa hiyo walipendana kabla ya kuonana sawasawa.

Nikahi ikapangwa Ijumaa, Sur, baada ya Asri. Kaka yangu Hilali, ambaye ndiye walii wake wa kumwozesha, alitangulia. Shangazi alimpa sharti moja.

"Usifungue kinywa chako mbele ya sheikh mpaka nimemwona yule mtu kwa haya macho yangu mapya. Asiponipendeza, narudi kwangu."

Na sharti la pili alitupa sisi: halali nyumba ya watu kabla ya nikahi, na hotelini halali kwa sababu mashuka ya hoteli hayajui nani kayalalia. Seif aliposikia hivyo uso ukamng'ara kama mtoto wa sikukuu. Alikuwa na karavani.

Nizwa mpaka njia ya Sinaw

Karavani hii Seif aliinunua wakati wa baridi, ikakaa uani ikimezwa na vumbi huku yeye akiangalia video za watu wanaokokota karavani katika nchi zenye nyasi. Seif ni mwalimu wa jiografia. Anajua mito yote ya dunia, lakini kurudisha karavani nyuma hajui. Aliwahi kujaribu, akabomoa nguzo ya geti letu, na tangu siku hiyo mwenye kuendesha ni mie. Yeye hukaa pembeni na kushika kisanduku.

Kisanduku ndicho habari yenyewe, basi nieleweni vizuri nikieleza. Karavani yetu ina breki zake za umeme. Ndani ya kila gurudumu mna sumaku. Ukikanyaga breki ya gari, kisanduku kilichofungwa chini ya dashibodi kinapeleka umeme nyuma kwa waya, sumaku zinavuta, magurudumu ya karavani yanashika pamoja na ya gari. Umeme usipofika, gari linasimama na karavani haina habari. Inakuja tu.

Alhamisi asubuhi tukaondoka, majirani wamejaa mlangoni, Shangazi kiti cha nyuma na sinia la halwa magotini. Kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara nikakanyaga breki. Gari likainama mbele, halafu kitu kama kiboko kikatusukuma mgongoni.

"Kanyaga!" akasema Seif.

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga tena!"

"Seif, nimesimama juu yake!"

Tukaingia katikati ya mzunguko bila kumwomba mtu ruhusa. Dereva wa lori la maji akapiga honi ndefu, akatutazama, akaona uso wa Shangazi dirishani, akashusha mkono aliokuwa ameuinua.

Seif akazungusha kitufe cha kisanduku kuongeza nguvu. Hakuna kitu. Akaongeza. Hakuna. Akaongeza mpaka mwisho. Tukapita kwenye tuta, na hapo breki za karavani zikakumbuka kazi yao zote kwa pamoja. Sote watatu tukarukuu. Halwa ikaondoka magotini kwa Shangazi ikaja kukaa mbele, kwenye ramani ya Seif.

"Breki yake kimekuwa kigonjwa," akasema Seif. Kiswahili chake alijifunzia kwetu baada ya kunioa, na vitu vyote kwake vina ngeli ya kiti.

"Si mgonjwa," Shangazi akajibu kutoka nyuma. "Marehemu mume wangu alikuwa hivihivi. Ukimwita haji, usipomwita anakurukia."

Hivyo ndivyo tulivyopita Izki na kushika njia ya Sinaw: mara breki zipo, mara hazipo. Nilikuwa nikiona gari mbele, nusu saa kabla ya kulifikia naanza kupunguza mwendo. Ngamia wawili walitupita. Nasema kweli, walikuwa wanatembea pembeni ya barabara, wakatupita.

Sinaw, tulipofungua mkahawa

Karibu na Sinaw Seif akaniambia niweke pembeni aangalie chini. Ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa pikapu zinazorudi na mbuzi, majani makavu, na wanawake wa Kibedui wenye barakoa wamekaa juu ya mizigo yao. Nikasimama mahali papana penye kivuli cha mighafu, ile miti ya jangwani. Seif akafungua dirisha kubwa la ubavuni mwa karavani ili atoe spana, akalisimamisha kwa fimbo yake, akajitoma chini. Shangazi akaingia ndani kuwasha jiko, maana halwa iliyobaki haiwezi kuliwa kikavu.

Sasa fikirini mtu anayepita. Anaona karavani nyeupe pembeni ya barabara, dirisha liko wazi, mama ndani, mvuke unatoka.

Pikapu ya kwanza ikasimama, ikapiga honi mara mbili. Kwetu honi mbili mbele ya mkahawa maana yake moja tu: leta chai.

"Karak mbili!" akasema mwenye pikapu. "Sukari kidogo."

Nilitaka kwenda kumweleza. Shangazi alikuwa ameshatoa vikombe.

"Mwambie hatuna karak, tuna chai ya maziwa na iliki," akanituma. "Na sukari nimeshatia, asinifundishe."

Mwenye pikapu akanywa, akaomba kingine. Ikaja gari ya pili. Ikaja ya tatu na watoto watano na mbuzi mmoja kiti cha mbele. Wakataka kulipa, Shangazi akakataa, wakaona basi ni siku ya ufunguzi. Habari ikafika sokoni. Nilipogeuka, foleni ya magari ilikuwa imefika kwenye kona, na kijana mmoja amesimama juu ya pikapu anapiga video. Hiyo ndiyo mliyoiona.

Seif, chini kule, hakujua kitu. Alisikia sauti nyingi na kudhani watu wamekuja kusaidia. Kila mara akitoa mkono na kusema kwa Kiarabu, "Nipeni kumi na nne," akimaanisha spana, na kila mara mtu akimwekea mkononi kitu. Alipewa tende. Alipewa mshikaki. Mwishowe akapewa kikombe cha chai, akakinywa hukohuko chini, kichwa kimepinda.

Mzee mmoja aliyekuja kurudisha kikombe ndiye aliyetusaidia. Alikuwa nyuma yetu tangu Izki.

"Mna nini na taa zenu?" akaniuliza. "Kila ukikanyaga breki, taa za nyuma zinafifia, halafu zinawaka zote, halafu zinafifia. Nilidhani mnaniambia kitu. Nami nikawa nawajibu kwa taa zangu."

Nikakumbuka taa za nyuma yetu zilizokuwa zikiwaka na kuzimika safari nzima. Nilidhani ana haraka.

Nikainama nikamwambia Seif. Akatoka chini, tende moja bado iko mkononi. "Athi!" akasema, macho yamemtoka. "Waya wa athi!" Akanieleza mbiombio: umeme unakwenda nyuma kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine uliofungwa kwenye chuma cha karavani. Huo wa kurudi ukilegea, umeme unatangatanga, taa zinafifia, sumaku zinashika zikipenda. Alitaka akaushughulikie palepale, lakini ulikuwa umekufa ndani ya kutu, na boliti yake haikubali spana yoyote tuliyokuwa nayo.

Tukafunga dirisha. Watu watatu kwenye foleni walikasirika sana.

Ibra, na neno moja lililotuponza

Tulifika Ibra mchana, tukaenda mtaa wa magereji. Fundi tuliyempata alitoka Pakistani, Kiarabu chake kidogo, na Seif anapokuwa na furaha Kiarabu chake kinakuwa cha vitabuni. Akamweleza kwa urefu: kwamba gari hili ni la bi arusi, kwamba bi arusi ni lazima afike Sur kesho, kwamba bila breki karavani haifai, kwamba tafadhali alishughulikie nyuma na mbele, kwa makini. Fundi akaitikia kila neno. Akatazama karavani, akamtazama Shangazi, akatabasamu mpaka magego.

"Bi arusi," akasema. "Tamam, tamam."

Tukaenda kuswali na kula. Tulikula wali na kuku wa kukaanga, Shangazi akalalamikia pilipili, na mie nikaona ajabu namna alivyokuwa hali. Anakata kuku, anamgeuza, anamwacha.

"Rahma," akaniambia Shangazi, Seif alipokwenda kunawa, "yule mtu hajaniona."

"Nawe hujamwona."

"Mie si neno. Mie nitamzoea. Lakini yeye ananijua sauti. Sauti yangu haijazeeka."

Nikamsogezea limau.

Tuliporudi gereji, karavani hatukuijua. Fundi alikuwa amemwita ndugu yake wa duka la jirani, lile la kupamba magari ya arusi. Walikuwa wameizungushia utepe wa waridi na wa dhahabu. Maua ya plastiki yalikuwa yamefunika dirisha lote. Nyuma, ukuta mzima, kulikuwa na moyo mkubwa wa taa nyekundu. Breki hawakuzigusa.

Seif akashika kichwa. "La, la, la! Breki! Breki!"

"Ndiyo, breki," akasema fundi kwa fahari, akamwashiria akanyage. Seif akaingia garini akakanyaga. Ule moyo ukawaka. Walikuwa wameuunganisha na waya wa taa za breki.

Nikamtazama Shangazi, nikijua atawapasulia. Alikuwa amesimama na mkono mdomoni, anautazama ule moyo ukizima na kuwaka.

"Uacheni," akasema taratibu. "Umenipendeza."

Fundi alipoelewa hasa tunataka nini aliona haya, akataka kututengenezea breki bila chochote, na Seif akaona haya zaidi kwa Kiarabu chake, ikawa kila mmoja anamwomba mwenzake radhi mpaka mie nikawaambia yallah. Wakalala chini wote wawili. Kwanza wakachukua waya mrefu, upande mmoja kwenye betri ya gari, upande wa pili kwenye chuma tupu cha karavani, kupita mbali na ule wa zamani. Wakainua gurudumu moja kwa jeki, fundi akalizungusha kwa mkono, nami nikakanyaga. Gurudumu likasema "tak" na kusimama.

Seif akapiga ukelele. Basi ni athi kweli. Wakaikata ile boliti iliyooza, wakaparaza kutu mpaka chuma kikang'aa, wakafunga waya mpya na boliti mpya, wakasafisha na plagi iliyokuwa imeota ukijani. Wakapunguza nguvu ya kisanduku, maana Seif alikuwa ameipandisha mpaka mwisho. Tukaizungusha karavani uwanjani pale: nakanyaga, tunasimama pamoja, mbele na nyuma, kama watu wenye adabu. Na kila tukisimama, moyo unawaka, na mafundi wote wa mtaa wanapiga makofi.

Tulilala Ibra ndani ya karavani. Shangazi alisema hajapata kulala ndani ya keki kabla.

Bidiya, na zawadi yenye miguu minne

Ijumaa asubuhi barabara ilikuwa shwari, mchanga upande wa kulia unaanza kujikusanya, na mie naendesha kwa raha na kuwapita hata wengine. Bidiya tukasimama kwa Bi Asila, mwenzake Shangazi wa tangu usichana, mwenye bustani ya mitende nyuma ya nyumba na falaji, mfereji wa maji, inapita katikati. Wanaume wakaenda Ijumaa, nasi tukapakuliwa wali wa kabuli wa nyama, papai, na kahawa isiyokwisha. Bi Asila akamtia Shangazi hina mikononi akimcheka kutwa.

"Ukimwona mbaya, niletee mie," akamwambia.

Zawadi ya arusi aliyompa ilikuwa mbuzi, beberu kijana, mweupe, mwenye macho ya mtu anayefikiria jambo. Seif aliporudi msikitini akamfunga shingoni mwa karavani, pale mbele inaposhikana na gari, mpaka tumalize kahawa.

Tukaagana. Shangazi akapanda nyuma, Seif akapanda pembeni, nikawasha gari. Halikuondoka. Nikaongeza mafuta. Likatetemeka, likasogea kidogo, na nyuma magurudumu ya karavani yakachora mifereji kwenye mchanga bila kuzunguka hata kidogo. Jana breki zilikataa kushika, na sasa zilikataa kuachia.

"Tumekitengeneza sana," akasema Seif, ameduwaa. "Tumekitengeneza kupita kiasi!"

Akashuka. Akazima kisanduku, magurudumu yako vilevile. Akachomoa plagi ya karavani kutoka kwenye gari kabisa, ili pasiwe na waya wowote wa kutoka kwetu. Magurudumu yameshika. Akakaa chini mchangani na kanzu yake ya Ijumaa. "Umeme hautoki kwenye gari," akajiambia kwa Kiarabu. "Basi unatoka wapi? Kwenye betri yake mwenyewe. Na nani anaupeleka?"

Watu wakaanza kukusanyika. Dereva mmoja wa kambi za jangwani akaja na gari lake kubwa na kamba, akasema atuvute kwa nguvu, yeye huwatoa watalii mchangani kila siku. Seif akajilaza mbele ya gurudumu kumzuia.

Mie nikamtafuta Shangazi, simwoni kiti cha nyuma. Nilimkuta ndani ya karavani, amekaa kitandani kati ya maua ya plastiki, anavua bangili moja moja.

"Geuza gari, mwanangu," akasema.

"Kwa nini?"

"Jana halikutaka kusimama, nikajiambia bahati, linaniwahisha. Leo halitaki kwenda. Hata chuma kinaniambia bibi wewe, kaa kwako. Nimpigie simu, nimwambie nimeumwa. Atabaki na sauti yangu. Hiyo ni nzuri."

Nikakaa karibu yake. Nilitaka kumwambia maneno mazuri, ya kumpa moyo, nami si mtu wa maneno hayo. Yote yaliyokuja kichwani yalikuwa ya watu wengine. Nikasema tu, "Shangazi, ukikaa nitafurahi. Wallahi nitafurahi, nyumba haitakuwa nyumba bila wewe. Lakini usinitie kwenye hesabu. Wewe unamtaka au humtaki?"

"Namtaka," akasema, kwa sauti ndogo ya kisichana. "Ndiyo maana naogopa, mjinga wewe."

Basi nikatoka nje nikiitukana karavani kimoyomoyo, nikitafuta kitu cha kupiga teke. Na hapo nikamwona mbuzi. Hakuwa pale alipofungwa. Alikuwa ukingoni mwa bustani, anatafuna utepe wetu wa dhahabu, na kamba yake inaburuta. Mwisho wa kamba, waya mwembamba wa chuma. Mwisho wa waya, pini nyeusi, inaruka mchangani kila akitembea.

Pini hiyo mie naijua. Nizwa nzima inaijua, maana Seif aliionyesha kwa kila mgeni aliyekuja kunywa kahawa. Iko shingoni mwa karavani, na waya wake hufungwa kwenye gari. Ikitokea, Mungu apishe mbali, karavani ikakatika njiani, waya unaivuta pini, pini inachomoka, na betri ya karavani inazipelekea breki umeme wote ili isimame yenyewe. Seif alimfunga beberu kwenye waya huo. Beberu akaona utepe, akaufuata, ndoano ya waya ikafyatuka upande wa gari na pini ikamfuata yeye. Alikuwa ametuvutia breki ya hatari, akaenda zake kula.

"Seif!" nikapiga kelele. "Ni mbuzi!"

"Mbuzi kimefanya nini?"

"Mbuzi ndiye kapiga breki!"

Ikabidi kumkimbiza. Dereva wa jangwani, Bi Asila, Seif na kanzu yake, mie na buibui langu, sote tukazunguka mitende, beberu anaruka falaji huku na huku kama anacheza. Aliyemkamata ni Shangazi. Alitoka karavanini mikono imejaa hina, akamkalia njiani, akamshika pembe, akamtazama machoni.

"Ni wewe?" akamwuliza. "Ni wewe tu? Si mwengine?"

Seif akarudisha pini tunduni. Magurudumu yakasema "tak", yakaachia, naye akachomeka tena plagi. Shangazi akavaa bangili zake zote, akapanda gari, akafunga mkanda.

"Mnangoja nini?" akasema. "Asri hii inaingia."

Kutoka Al Kamil kushukia Sur

Kushuka kuelekea Sur ndipo nilipokuwa nikipaogopa tangu Nizwa, kwani barabara inapita kwenye vilima, inapanda na kuporomoka. Seif alikaa na mkono juu ya kisanduku kama daktari anayepima mapigo. Nikakanyaga kwa upole. Karavani ikashika. Nikaachia, ikaachia. Kona, nikakanyaga, ikashika. Sijapata kuona raha ya namna ile; nilikuwa nakanyaga hata pasipo na haja.

Nilisahau ule moyo. Kila nikikanyaga, nyuma yetu moyo mwekundu unawaka ukubwa wa mlango. Gari moja ikaja nyuma, ikaona, ikawasha taa zote na kuanza kupiga honi za arusi. Ikaja nyingine. Pikapu ya wavuvi ikaingia kwenye msafara, kijana amesimama nyuma anacheza na fimbo. Mie nikamwambia Shangazi, "Tazama, watu wa Bwana Mbarak wamekuja kukupokea njiani." Akajifunika uso kwa mtandio, lakini niliona anachungulia kioo.

Tuliingia Sur na msafara usio na mwisho. Watu walishatoka msikitini baada ya Asri zamani. Hilali amesimama mbele ya nyumba ya Bwana Mbarak, uso umemsawijika kwa kungoja, na sheikh anatazama saa. Ndugu zake Bwana Mbarak wakakimbilia magari yote yale, wakawakumbatia watu, wakawaingiza ndani kwenye halwa na samaki, wakidhani ni jamaa zetu wa Nizwa. Sisi tukawaamkia wote, tukidhani ni jamaa zao wa Sur. Walikula wakashiba. Mpaka leo hatujui walikuwa nani, ila mmoja ni daktari wa mifugo kwa sababu alimtazama mbuzi meno.

Bwana Mbarak alikuwa kizingitini. Mrefu, mwembamba, kilemba kizuri, bakora mkononi. Na miwani myeusi.

Shangazi akashuka. Akaenda mpaka mbele yake, mkono wangu ameushika mpaka vidole vinaniuma.

"Vua miwani," akamwambia.

"Vua wewe mtandio kidogo," akajibu yeye kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi pia naogopa."

Akavua miwani. Shangazi akashusha mtandio. Wakatazamana. Nilihesabu kila mkunjo wa uso wa shangazi yangu kwa niaba yake, na kila mmoja nilitaka kuugombea.

"Macho yako madogo," Shangazi akasema mwishowe.

"Madogo," akakubali Bwana Mbarak. "Lakini leo yanaona vizuri sana."

Shangazi akaniachia mkono. Akamgeukia kaka yangu.

"Hilali, umesimama tu? Utamngojesha sheikh mpaka lini? Nenda kasome!"

Kurudi

Jumapili asubuhi tukaamka kuondoka, tukamkuta Bwana Mbarak anazunguka karavani yetu na kuigonga magurudumu kwa bakora. Shangazi alikuwa dirishani, maua ya plastiki kichwani. Wameshapatana: wanataka kwenda Ras al Hadd, kisha pwani yote mpaka wachoke, na mpwa wa Bwana Mbarak ataendesha.

Seif alibadilika rangi. Lakini alikubali, ni muungwana, hata kisanduku akakifungua akamfungia mpwa garini mwake. Akawaeleza yule mpwa na Bwana Mbarak habari zote asubuhi nzima: kisanduku, sumaku, plagi, taa zikififia watazame athi, magurudumu yakigoma watazame pini kwanza. Akaieleza pini mara tatu. Machozi yalimlengalenga, na alisema ni vumbi.

Yangu mie sikuyasingizia vumbi. Shangazi alinishika kichwa kwa mikono miwili kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa nakwenda skuli, akanisomea dua, kisha akaniambia nyumbani nimwagilie mrehani wake na nisiruhusu Seif kupika.

Tukarudi na gari tupu. Jepesi mno. Kila nikikanyaga breki najikaza mgongo kungoja kile kishindo cha nyuma, hakiji. Seif naye mkono uko hewani, pale kisanduku kilipokuwa. Sinaw tulipita bila kusimama, ingawa kuna watu wawili walitupigia honi na kuonyesha ishara ya kunywa.

Tulipofika Nizwa jirani yetu alikuwa nje anamwagia maji gari lake. Akatazama nyuma yetu, akatazama barabarani, akatazama tena.

"Karavani iko wapi?" akauliza.

Seif akazima injini, akafuta uso kwa kilemba.

"Kimeolewa," akasema.